Miale, njia ya haraka au mawimbi: namna ipi ya kueleza nuru inayopinda?

Mtoto anayekulia Bukavu, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu, ameona mara nyingi kasia la mvuvi likionekana kana kwamba limevunjika pale linapoingia majini. Siku moja anauliza sababu, na mwalimu wake wa fizikia, au mjomba wake aliyesomea sayansi, anajikuta na majibu matatu. Kitabu kimoja kinajibu kwa michoro ya mistari iliyonyooka na pembe zake. Kingine kinasema kwamba nuru hufuata njia inayomaliza safari mapema kuliko njia zilizo jirani yake. Cha tatu kinachora mawimbi yanayopungua kasi yanapoingia majini. Kwa kasia hilo, majibu yote matatu ni sahihi. Ugumu huanza mtoto anapouliza juu ya nuru inayopita kando ya kitu badala ya kupita ndani yake, kwa maana hapo jibu la kwanza hunyamaza, la pili husitasita, na la tatu peke yake huendelea kusema.

Ulinganisho huu unamlenga mtu aliyekwama hapo: mwalimu anayeandaa somo, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa serikali mwishoni mwa sekondari, au mzazi ambaye hataki kumjibu mtoto wake kwa mkato. Nimefundisha somo hili kwa namna zote tatu, katika madarasa yaliyojaa na yasiyo na maabara, na sijapata namna moja inayofaa kila mahali.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno mawili, kwa kuwa wengi wetu tulisoma fizikia kwa Kifaransa na huyachanganya tunapozungumza Kiswahili. Nuru inapobadili mwelekeo kwa sababu imetoka katika kitu kimoja angavu na kuingia katika kingine, kama hewa na maji, nitaita tukio hilo mpindo. Hiyo ndiyo refraksioni ya shuleni. Nuru inapotawanyika kwa sababu imepita kwenye ukingo, ufa mwembamba au tundu dogo, nitaita mchepuko, yaani difraksioni.

Vigezo vya kulinganisha

Kila namna ya kueleza itaulizwa maswali yaleyale. Inasema nini kuhusu mpindo? Inasema nini kuhusu mchepuko? Inadai hesabu ya kiwango gani, na vifaa gani? Inaishia wapi, na inamfaa nani?

Kipo pia kigezo ambacho wengi hukisahau, nacho ni ukubwa wa kizuizi ukilinganishwa na urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mgongo unaofuata. Mtoto aliye nyuma ya nyumba humsikia mama yake akiita lakini hamwoni, ingawa sauti na nuru zote hukutana na ukuta uleule. Mawimbi ya sauti ya mtu anayeita huwa na urefu wa kama nusu mita au zaidi, kipimo kisicho mbali sana na upana wa mlango au kona ya nyumba, na kwa hiyo sauti huizunguka kona bila shida. Mawimbi ya redio ya FM yana urefu wa karibu mita 3, nayo huinama kidogo juu ya mgongo wa kilima, jambo linalosaidia redio kusikika, hata kwa udhaifu, katika mabonde yetu ambamo mnara hauonekani. Nuru tunayoiona ina mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa takriban mikromita 70, yaani mawimbi kama mia moja ya nuru yakipangwa kwa mstari mmoja. Mbele ya ukuta, nuru ni ndogo mno kiasi kwamba tabia yake ya kuchepuka haionekani kwa macho ya kawaida. Mbele ya unywele, huanza kuonekana.

Miale

Namna ya kwanza huichukulia nuru kama mistari iliyonyooka inayotoka kwenye chanzo na kubadili mwelekeo pale tu inapokutana na uso wa kitu kingine. Ndiyo kongwe kuliko zote. Ibn Sahl aliyefanya kazi Baghdad alikuwa tayari na kanuni sahihi ya mpindo mnamo mwaka 984, akaitumia kubuni maumbo ya lenzi. Mholanzi Willebrord Snellius aliifikia tena mwaka 1621. Na René Descartes aliichapisha mwaka 1637. Kwa kuwa vitabu vyetu ni vya Kifaransa, sisi huiita sheria ya Descartes, na mwanafunzi anayekutana na jina la Snell kwa mara ya kwanza hucheka, akidhani SNEL, shirika la umeme la taifa, limeingia katika fizikia.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chora mstari wima juu ya uso wa maji, pima pembe kati ya mstari huo na mwale unaoingia, kisha pembe kati yake na mwale uliokwisha kuingia; saini (sinus) ya pembe ya kwanza ikigawanywa kwa saini ya pembe ya pili hutoa namba ileile daima. Kwa nuru inayotoka hewani, namba hiyo ni 1.33 kwa maji, kama 1.52 kwa kioo cha kawaida cha dirisha, na 2.42 kwa almasi. Mwale unaoingia majini kwa pembe ya nyuzi 45 huendelea ndani kwa nyuzi 32 tu. Ukiangalia kutoka juu kwa wima, maji yenye kina cha sentimita 20 huonekana kuwa na kina cha sentimita 15. Kutokana na kanuni hiyo moja hupatikana lenzi za miwani, darubini, hadubini na kamera ya simu. Huko pia ndiko inakotoka pembe ya nyuzi 48.6, ambayo ikizidi, nuru iliyo ndani ya maji haiwezi tena kutoka na hurudishwa yote ndani, kwa namna ileile ambayo nuru hubaki ndani ya nyuzi za kioo zinazosafirisha intaneti. Upinde wa mvua nao huonekana kwa nyuzi kama 42 kutoka upande ulio kinyume na jua, na hesabu ya kufika hapo inahitaji miale, duara la tone la maji, na subira.

Vifaa vyake karibu havina gharama. Vitabu vya ng'ambo husema weka sarafu ndani ya beseni, urudi nyuma mpaka ukingo wa beseni uifiche, kisha mwenzako amimine maji polepole hadi sarafu itokeze tena. Sisi tunaotumia noti tupu hatuna sarafu mfukoni. Kizibo cha chuma cha chupa hufanya kazi hiyohiyo, na wanafunzi hukikumbuka zaidi. Hesabu inayodaiwa ni saini za pembe, ambazo mwanafunzi wa sekondari huzipata kwenye kikokotoo cha simu.

Udhaifu wa miale uko mahali pawili. Kwanza, haisemi kwa nini mwale unapinda. Inasema tu unapinda kiasi gani. Pili, kuhusu mchepuko haina neno hata moja, kwa sababu mstari ulionyooka ukipita kando ya ukingo hauna sababu ya kugeuka.

Lakini mwalimu asikimbilie kuilaumu miale isivyostahili, na hapa nina kosa langu la kukiri. Kwa miaka kadhaa niliwaambia wanafunzi kwamba ukungu unaoonekana kwenye ukingo wa kivuli chao uwanjani ni mchepuko wa nuru. Sivyo. Jua si nukta. Linachukua karibu nusu nyuzi ya anga, na kwa hiyo miale inayotoka upande wake mmoja na ile inayotoka upande wa pili hupita ukingo uleule kwa pembe tofauti kidogo. Ukiweka mkono mita moja kutoka ukutani, tofauti hiyo hutoa ukungu wa milimita 9 hivi, ilhali mchepuko wa nuru kwa umbali huohuo hauzidi milimita moja. Miale peke yake ilitosha kabisa kueleza nilichokuwa nikikieleza kwa mawimbi.

Namna hii inamfaa anayeanza, anayejiandaa kwa mtihani wa michoro na pembe, fundi wa miwani, mpiga picha, na mtu yeyote ambaye vitu anavyoshughulika navyo ni vikubwa kuliko unywele.

Njia ya haraka

Mwaka 1662, Mfaransa Pierre de Fermat aliuliza swali la aina nyingine. Hakuuliza mwale unapinda kiasi gani. Aliuliza ni njia ipi, kati ya zote zinazowezekana kutoka hapa hadi pale, ambayo nuru ingeimaliza mapema. Jibu lake lilikuwa kwamba nuru hufuata njia hiyo, mradi tukubali kwamba ndani ya maji au kioo inakwenda polepole kuliko hewani.

Hakuna mji unaofaa kufundishia wazo hili kuliko mji wenye lami upande mmoja na matope upande wa pili. Chukua mtu aliye juu ya ardhi ngumu, mita 40 kutoka mpaka wa matope, anayetaka kumfikia mwenzake aliye mita 30 ndani ya matope, na umbali wa pembeni kati yao, ukipimwa sambamba na mpaka, ni mita 70. Kwenye ardhi ngumu anakwenda mita 2 kwa sekunde, na kwenye matope mita 1. Akikata moja kwa moja kwa mstari ulionyooka, atatumia sekunde 70.7. Akisema nafuu nipunguze matope kabisa, avuke mpaka pale pale usoni mwa mwenzake, atatumia sekunde 70.3. Akivuka mahali palipo kama mita 56 na nusu kutoka usawa wa alipoanzia, atatumia sekunde 67.5, na hakuna njia nyingine itakayompa muda mfupi zaidi. Sasa mwambie mwanafunzi apime pembe mbili za njia hiyo na agawanye saini zake. Atapata 2, ambayo ndiyo hasa uwiano wa kasi mbili tulizoanza nazo. Kanuni ya miale imejitokeza bila mtu kuitaja, na safari hii imekuja na sababu yake: ile namba 1.33 ya maji ni kipimo cha mara ngapi nuru hewani ni ya haraka kuliko nuru ndani ya maji.

Sababu hiyo haikupokelewa kwa urahisi. Claude Clerselier, mfuasi wa Descartes, alimpinga Fermat kwa hoja kwamba maumbile hayana akili ya kuchagua, na kwamba mwale hauwezi kujua mapema njia ipi itakuwa fupi kwa muda. Wanafunzi wangu huleta pingamizi hilohilo bila kumjua Clerselier, na huwa nafurahi wanapofanya hivyo, kwa sababu ni pingamizi la haki. Palikuwa na tofauti nyingine iliyoweza kupimwa: maelezo ya Descartes yalihitaji nuru iongeze kasi inapoingia majini, ya Fermat yalihitaji ipunguze. Jibu lilichelewa karibu karne mbili, mpaka Léon Foucault alipopima mwaka 1850 na kuona kwamba nuru majini ni ya polepole kuliko hewani.

Namna hii hung'ara hasa pale ambapo hakuna mpaka mmoja wa wazi. Msafiri anayeteremka kwenye tambarare ya Ruzizi kuelekea Uvira mchana wa jua kali huona mbele yake kitu kama dimbwi la maji barabarani, nalo humkimbia kila anapokaribia. Hewa iliyogusa lami ni ya moto na nyepesi, na nuru hupita humo kwa haraka kidogo kuliko katika hewa ya juu yake. Nuru inayotoka angani huinama kuelekea lami, hufaidi hewa hiyo ya haraka, kisha hupanda hadi jichoni. Msafiri anaona kipande cha mbingu mahali alipotarajia barabara. Kwa miale tu, ingebidi kuchora tabaka baada ya tabaka.

Kuhusu mchepuko, namna hii husitasita. Inaweza kusema ni njia ipi iliyo ya haraka ukiwa na tundu, lakini haisemi kwa nini nuru inafika pia mahali ambapo njia hiyo haifiki. Ipo pia kasoro ndogo ya maneno ambayo mwalimu mwangalifu anapaswa kuijua: muda wa nuru si lazima uwe mfupi kuliko yote. Kinachotakiwa ni kwamba ukiisogeza njia kidogo sana, muda usibadilike kwa kiasi kinachohesabika, na kwenye vioo fulani vilivyopinda muda huo unaweza kuwa mrefu kuliko wa njia jirani.

Vifaa vyake ni kamba, uwanja na saa ya simu. Hesabu hufanyika kwa jedwali katika darasa la chini, au kwa kutafuta dogo kabisa la fungsheni katika darasa la mwisho la hisabati. Inawafaa wanafunzi wanaopenda kujua sababu kuliko kukariri, na mwalimu asiye na kifaa chochote siku hiyo.

Mawimbi

Christiaan Huygens, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1690, alifundisha kwamba kila nukta ya mgongo wa wimbi ni chanzo cha viwimbi vidogo, na kwamba mgongo unaofuata huzaliwa kutokana na viwimbi hivyo vyote kwa pamoja. Ili kuona mpindo, waambie wanafunzi kumi washikane mikono katika mstari mmoja, watembee kwa mshazari kuelekea sehemu yenye matope. Wa kwanza kukanyaga matope anapunguza mwendo, walio kwenye ardhi ngumu bado wanakwenda kasi, na mstari wote unageuka bila mtu yeyote kuamriwa kugeuka. Pingamizi la Clerselier linapata jibu hapo: hakuna anayechagua njia, kila mmoja anatembea tu kadiri ardhi inavyomruhusu.

Namna hii hujibu pia swali ambalo mbili za kwanza haziliwezi. Nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hewani hubaki na urefu wa nanomita 489 ndani ya maji, lakini mpiga mbizi bado anaiona nyekundu. Idadi ya mitetemo kwa sekunde haibadiliki inapovuka mpaka, kama vile idadi ya wanafunzi wanaoingia matopeni kwa dakika haiwezi kuzidi idadi ya waliofika mpakani; kinachobadilika ni nafasi kati yao.

Utajiri wa namna hii, hata hivyo, uko kwenye mchepuko. Padri Francesco Maria Grimaldi wa Bologna, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1665 baada ya kifo chake, aliona kwamba kivuli cha kitu chembamba ndani ya mwali mwembamba wa jua hakilingani na hesabu ya mistari iliyonyooka, na kwamba kando yake pana michirizi ya mwanga. Ndiye aliyelitunga jina la difraksioni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Thomas Young alionyesha kwamba nuru mbili zikikutana zinaweza kutoa giza, iwapo mgongo wa wimbi moja unaangukia bonde la jingine. Kisha, mwaka 1818, mhandisi Mfaransa Augustin Fresnel aliwasilisha nadharia yake ya mawimbi kwenye shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris. Mmoja wa waamuzi, Siméon Denis Poisson, hakuiamini, akaamua kuisukuma hadi kwenye upuuzi: kama Fresnel ana haki, alisema, basi katikati kabisa ya kivuli cha kisahani cha duara pangekuwa na nukta yenye mwanga, kwa sababu mawimbi yanayozunguka ukingo wote yangefika hapo kwa pamoja. François Arago, mwamuzi mwingine, alifanya jaribio hilo badala ya kulicheka, na nukta hiyo ilikuwapo. Fresnel alipata tuzo. Nukta yenyewe mpaka leo huitwa kwa jina la Poisson, mtu aliyeitaja ili kuonyesha kwamba haiwezekani.

Nyumbani, mchepuko unahitaji kalamu ya leza nyekundu ya zile zinazouzwa sokoni, unywele mmoja, ukuta mweupe na chumba chenye giza. Jioni ambayo umeme umekatika inafaa kuliko mchana. Bandika unywele mbele ya tundu la leza, simama mita 2 kutoka ukutani, nawe utaona nukta nyekundu imenyooshwa kuwa mstari wenye vipande vya mwanga na giza. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, gawanya kwa umbali kati ya giza moja na linalofuata upande uleule, utapata unene wa unywele. Vipande vikiwa na nafasi ya milimita 19, unywele una mikromita 68 hivi. Vikiwa na milimita 13, una mikromita 100. Unywele mwembamba hutoa vipande vilivyoachana zaidi, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi. Anayemiliki sidii ya zamani anaweza kufanya jaribio la pili: mistari yake imeachana kwa mikromita 1.6, na leza hiyohiyo ikiipiga kwa wima hurudi na nukta za pembeni kwa nyuzi kama 24. Kwenye dividii, ambayo mistari yake imeachana kwa mikromita 0.74, pembe hiyo hupanda hadi nyuzi 61.

Mchepuko huo ndio unaoweka mpaka wa macho yetu pia. Usiku, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wanapowasha taa zao ziwani, hata jicho kamilifu lenye mboni iliyofunguka milimita 3 haliwezi kutenganisha taa mbili zilizo kilomita 10 mbali ikiwa nafasi kati yao haifiki mita 2. Nuru ya kila taa imekwisha kutawanyika kwa kupita kwenye tundu la mboni yenyewe.

Mapungufu yake yasifichwe. Hesabu yake hupanda haraka. Kanuni ya unywele inakumbukika, lakini nukta ya Poisson kwa hesabu kamili ni ya chuo kikuu. Kuchora lenzi kwa viwimbi ni kujitesa. Tena haisemi kwa nini nuru inapungua kasi ndani ya kioo, mpaka uongeze kwamba wimbi lenyewe ni la sumakuumeme, kama James Clerk Maxwell alivyoonyesha katika miaka ya 1860, na kwamba elektroni za kioo hutikiswa nalo na kutoa mawimbi yao yanayochanganyika nalo na kulichelewesha. Namna hii inamfaa mwanafunzi aliyekwisha kuelewa miale na sasa anauliza juu ya kingo, matundu, rangi za sidii, au kwa nini darubini yenye lenzi pana huona mambo madogo kuliko yenye lenzi nyembamba.

Na fotoni?

Kuna wanaouliza kwa nini tusianze na chembe za nuru, kwa kuwa Albert Einstein alizileta mwaka 1905 na ndizo za kisasa. Kwa swali la mpindo na mchepuko, faida yake kwa anayeanza ni ndogo. Geoffrey Ingram Taylor, katika jaribio alilolichapisha mwaka 1909, alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa nuru dhaifu mno hata ikabidi asubiri miezi, na michirizi ya mchepuko ilikuwa ileile. Maelezo ya fotoni yanampasa mtu kukubali kwamba kila chembe ina hesabu ya njia zote kwa pamoja, ambayo inarudisha wazo la Fermat kwa mlango wa nyuma na kueleza kwa nini njia ya haraka ndiyo inayobaki. Ni jambo zuri, lakini libaki kwa chuo kikuu.

Ukichagua kwa hali uliyo nayo

Ikiwa mtihani uko wiki tatu mbele na maswali ya miaka iliyopita yanahusu lenzi na mche wa kioo, shika miale wala usichanganye na kitu kingine. Mwanafunzi anayechora viwimbi kwenye swali la lenzi hupoteza muda na alama. Ikiwa una mwaka mzima na darasa linalopenda hisabati, anza na miale, kisha peleka darasa uwanjani kwenye lami na matope, na uache pingamizi la Clerselier litolewe na wanafunzi wenyewe kabla ya kuwaletea mawimbi.

Ikiwa swali limetoka kwa mtoto aliyeona pete kuzunguka mwezi, usijibu kabla ya kupima. Nyoosha mkono kikamilifu na pima kwa shubiri. Pete iliyo karibu shubiri nzima kutoka mwezini, yenye wekundu upande wa ndani, ni ya mpindo: nuru imepita ndani ya chembe za barafu zenye pande sita katika mawingu ya juu na kuinama kwa nyuzi kama 22, na miale inatosha. Pete ndogo inayoukumbatia mwezi, isiyozidi vidole vichache, yenye wekundu upande wa nje, ni ya mchepuko kwenye matone madogo ya maji, na bila mawimbi huna la kusema. Ni mbingu ileile na mwezi uleule, ila jibu la usiku mmoja si la usiku mwingine.

Ikiwa unafundisha watu wazima wenye kazi zao, wape kile kazi inachogusa. Fundi wa miwani anahitaji miale, na pengine neno moja la mawimbi anapouliza juu ya tabaka linalopunguza mng'ao wa lenzi. Fundi wa redio anahitaji mawimbi tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa vizuizi vyake ni vilima na kuta, na mawimbi yake hupimwa kwa sentimita na mita.

Na ikiwa una kipindi kimoja tu cha dakika 50, darasa la watu sitini na leza moja, anza na kizibo ndani ya beseni kwa robo ya kwanza, kisha funga madirisha kwa vitenge na uonyeshe unywele. Usieleze yote mawili kwa siku hiyo. Waache waandike walichokiona, na waulize kwa nini maelezo ya beseni hayatoshi kwa unywele. Leza ishikwe na mwalimu mwenyewe, ielekezwe ukutani tu, chini ya usawa wa macho ya waliokaa, na asiruhusiwe mtu yeyote kuitazama moja kwa moja hata kwa nusu sekunde.